Somo: Kwa nini halibadi yako haimzuii adui kupita

Salaam wakuu. Somo hili ni la Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika kwa dadu, toleo la tano, kanuni za 2014. Za 2024 nitazigusa pale tu zinapotofautiana kwa uzito.

Niliwahi kumpoteza mchawi wa kundi letu nikiwa nimesimama mbele yake na halibadi (shoka la mpini mrefu) mkononi, nikijiona ukuta. Jambazi akanipita ubavuni kama anayekwenda dukani. Nikashika dadu nirushe. Msimamizi wa mchezo akaniambia, "Weka chini, hajatoka." Somo zima limo kwenye neno hilo.

Hatua ya 1: Jua ufikio wako

Ufikio ni umbali ambao pigo lako linafika. Kwa watu wengi ni futi 5, yaani mraba mmoja kwenye ramani. Silaha ndefu huongeza futi 5, unakuwa na futi 10: halibadi, paiki, mjeledi, mkuki wa mpanda farasi na jamaa zao. Mkuki wa kawaida haumo, japo jina linadanganya.

Hatua ya 2: Tafuta mstari wa kutokea

Hapa ndipo wengi tunapoangukia. Shambulio la fursa, yaani pigo la ziada nje ya zamu yako, huja pale adui unayemwona *anapotoka* nje ya ufikio wako. Kuingia hakuhesabiki. Kuzunguka humo ndani pia hakuhesabiki, hata akikuzunguka mara tatu huku anakucheka.

Wakongwe wa toleo la 3.5 (2003) ndio wanaosumbuka zaidi, maana kwao ilikuwa kila mraba unaoutishia, adui akiuacha tu anaweza kula pigo. Mazoea hayo yaacheni mlangoni.

Sasa chora. Korido ina upana wa miraba mitatu, wewe uko katikati, mchawi yuko miraba mitatu nyuma yako. Jambazi, mwenye mwendo wa futi 30 kwa zamu, anaanzia miraba miwili mbele yako. Anapita mraba wa pembeni mbele, wa ubavuni, wa pembeni nyuma, kisha anasimama miraba miwili nyuma yako, kisu kikimgusa mchawi. Ametumia futi 20.

Ukiwa na upanga, hatua yake ya mwisho imemtoa futi 5 kwenda futi 10. Ametoka, mpige. Ukiwa na halibadi, pale aliposimama bado ni futi 10. Hajatoka popote. Silaha ndefu imempa uwanja mkubwa zaidi wa kutembea bure.

Dawa yake ni ndogo: mchawi arudi mraba mmoja nyuma. Sasa jambazi lazima asimame miraba mitatu kutoka kwako, na hapo halibadi inamkuta. Mpangeni hivi kabla ya vita, si katikati ya kelele.

Ila msiitupe halibadi. Uwanjani, mwenye upanga analinda upana wa miraba mitatu tu, na jambazi mwenye akili atapita kando bila kumgusa. Wewe unalinda mitano.

Hatua ya 3: Uliza anatokaje

Akitumia tendo lake la zamu hiyo kujinasua (Disengage), humpigi. Akitoweka kwa uchawi na kutokea kwingine, humpigi. Akisukumwa na mtu au akianguka shimoni, humpigi, maana hakutumia mwendo wake.

Hatua ya 4: Hesabu mwitikio wako

Mwitikio ndio unaolipia shambulio la fursa. Unao mmoja tu, na unarudi zamu yako inapoanza. Wakitoka majambazi wanne, chagua mmoja. Pigo linaingia kabla hajatoka, kwa hiyo akifa anafia ndani ya ufikio wako. Liwe pigo la karibu, upinde hauhusiki.

Hatua ya 5: Vipaji vinavyogeuza mambo

Vipaji (feats) ni uwezo wa ziada ambao mhusika wako huchagua. Kipaji cha Polearm Master humfanya adui ale shambulio la fursa anapo*ingia* kwenye ufikio wa halibadi yako. Kipaji cha Sentinel humsimamisha aliyepigwa na shambulio hilo, mwendo unakuwa sifuri, na kujinasua hakumsaidii tena. Ukiwa na vyote viwili, jambazi anagandia futi 10 mbele yako na kisu chake cha futi 5. Wasimamizi wengi wanauchukia mchanganyiko huu, na sikatai wana sababu. Kanuni za 2024 ziliuvunja: pigo la anayeingia bado lipo, ila halihesabiki tena kuwa shambulio la fursa, kwa hiyo Sentinel haimgandishi.

MASWALI

Shukrani mkuu. Adui akiwa kanibana futi 5 nami nina halibadi, akirudi nyuma mraba mmoja, si nimpige teke? Mguu wangu unafika futi 5.

Umenishika pabaya. Wapo wanaosema ufikio hupimwa kwa silaha unayopigia, kwa hiyo teke ni halali. Wengine wanasema ufikio wako ni ule mrefu zaidi, basi. Mezani kwangu naruhusu, kwa sababu teke la mtu asiye mtawa wa mapigano (monk, mhusika anayepigana mikono mitupu) haliui hata panya. Wewe muulize msimamizi wako kabla hamjaanza.

Mhusika wangu ni bugbear, lile zimwi lenye manyoya na mikono mirefu. Basi nina futi 15 na halibadi?

Kwenye zamu yako, ndiyo. Shambulio la fursa hutokea zamu ya mwenzio, na urefu ule wa mikono huhesabiwa zamu yako tu. Unarudi futi 10. Pole.

Kaka, ogre (zimwi jitu) ni mkubwa, lazima afike mbali, au?

Hapana. Anakalia miraba minne lakini rungu lake linafika futi 5. Ukubwa peke yake hauongezi ufikio, soma karatasi ya kiumbe. Joka jekundu lililokomaa ndilo la kuogopa: makucha futi 5, meno futi 10, mkia futi 15. Ukimkimbia umesahau mkia, utakumbushwa.

Mchawi wetu akimsukuma adui kwa uchawi wa Thunderwave (wimbi la radi) napata pigo? Na Dissonant Whispers, ule mnong'ono wa kichawi unaomfanya adui akimbie?

Thunderwave hapana, amesukumwa. Dissonant Whispers ndiyo, kwa sababu anakimbia kwa miguu yake, akitumia mwitikio wake mwenyewe. Sisi mchawi wetu huwa anauliza kwanza, "Nani bado ana mwitikio?" Tukinyoosha mikono wawili, ndipo ananong'ona.