Kuweka breki za diski mbele kwenye Volkswagen Beetle ya 1966

Teremka mlima Kitonga, kule Iringa, na Beetle yenye breki za dramu kwenye magurudumu yote manne. Ukifika katikati ya mlima utakanyaga pedali kwa nguvu zote na gari litaendelea tu kwenda. Joto halina pa kutokea ndani ya dramu, na lainingi, yaani vipande vinavyosugua dramu kwa ndani, zikishachemka hazishiki. Weka diski mbele. Nyuma acha dramu zako, maana breki ya mkono inazitegemea.

Kabla ya kununua, hesabu bolti za gurudumu. Beetle 1300 ya 1966 ina 5 kwenye duara la milimita 205. Za miaka ya baadaye zina 4 kwenye 130, na ukiletewa hizo rimu zako haziingii. Nunua pia masta silinda (pampu inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali) ya njia mbili. Ya asili ni ya njia moja: bomba likipasuka popote, magurudumu yote manne yanakosa breki. Mimi ningenunua masta silinda kwanza, hata kabla ya diski.

1. Weka kabari nyuma, piga jeki, kisha kalisha gari kwenye stendi. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

2. Fungua dramu za mbele. Nati ya upande wa kushoto ina uzi wa kinyume, hufunguka kwa kuzungusha kulia; wengi huilazimisha mpaka uzi unaharibika. Gurudumu linaloendesha waya wa spidomita lina kipini kidogo kwenye kifuniko cha grisi. Kitoe kwanza.

3. Toa bamba la lainingi, safisha kutu, funga mkono wa kalipa, yaani chuma kitakachoshika kalipa, kifaa kinachobana diski kwa pedi.

4. Paka beringi mpya grisi, ingiza diski. Kaza nati huku unaizungusha diski, kisha ilegeze kidogo kidogo mpaka washa (ile pete bapa ya chuma) nyuma yake isogee ukiisukuma kwa ncha ya bisibisi.

5. Funga kalipa, pedi na hosi mpya. Geuza usukani mpaka mwisho pande zote. Hosi isiguse tairi wala kuvutika.

6. Sasa masta silinda, na hapa soma polepole. Ile ya dramu ina valvu ndogo kwenye tundu la kutolea mafuta, inayobakiza presha ili lainingi zisirudi mbali. Diski haziitaki. Gari la mteja mmoja nilifunga bila kuangalia. Lilitembea kilomita 6, likarudi na harufu ya pedi iliyoungua na diski huwezi kuisogelea kwa mkono. Siku hizi namulika tochi kwenye yale matundu yanayopeleka mafuta breki za mbele kabla ya kufunga. Ukimaliza, hakikisha fimbo ya pedali ina nafasi ya milimita 1 kabla ya kugusa pistoni. Isipokuwepo, breki zitajishika zenyewe.

7. Jaza mafuta ya breki ya DOT 4 kutoka chupa iliyofungwa, maana yaliyokaa wazi hunyonya unyevu na huchemka mapema. Toa upepo ulionaswa kwenye mabomba ukianza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda. Msaidizi akanyage taratibu, na usiache kopo la mafuta ya breki likauke.

8. Barabarani, punguza mwendo kutoka kilomita 50 kwa saa hadi 10 mara kumi hivi, ukiacha nafasi kila mara ili breki zipoe. Kisha simama, piga jeki, zungusha kila gurudumu la mbele kwa mkono. Likizunguka bila kukwama, rudisha vifaa kwenye boksi.