Ukiambiwa ini lina mafuta, anza kwa kupima moyo

Watu wengi hugundua jambo hili kwa bahati. Mtu amekwenda kupiga ultrasaundi ya tumbo kwa sababu ya mawe ya nyongo au uchunguzi wa kazini, anarudi na karatasi inayosema ini lina mafuta, gredi ya 1 au ya 2. Kwa kuwa haumwi popote, anaikunja na kuitia kabatini. Mwingine anashtuka na siku hiyohiyo ananunua unga wa kusafisha ini. Wote wawili wameisoma karatasi vibaya. Kinachoongoza kwa kuwaua watu wenye mafuta kwenye ini ni magonjwa ya moyo na mishipa ya damu, si ini lenyewe. Kwa hiyo hesabu ya kwanza iwe ya moyo.

Halafu hiyo gredi isikutie hofu wala isikupe raha kupita kiasi. Ni makadirio ya jinsi ini linavyong'aa kwenye skrini, yaani wingi wa mafuta. Haisemi kama ini limeanza kuota makovu, na makovu ndiyo ya kuogopa. Tena ultrasaundi huanza kuona vizuri mafuta yakishafika kama robo ya ini hivi, ilhali kitaalamu ini huhesabiwa lina mafuta kuanzia asilimia 5 tu ya seli zake.

Mafuta ya ini yanafikaje kwenye moyo

Ini lililojaa mafuta haliyaachi yatulie humo. Huyafunga katika chembe na kuyasukuma kwenye damu, na hapo trigliseridi (aina ya mafuta ya damu) hupanda, HDL (kolesteroli nzuri) hushuka, na LDL (kolesteroli mbaya) hugeuka kuwa chembe ndogo nzito zinazopenya ukuta wa mshipa kwa urahisi. Wakati huohuo ini huacha kuisikia insulini. Usiku, mtu akiwa amelala hajala kitu, ini linaendelea kumwaga sukari kwenye damu. Ndiyo maana wengine hushangaa sukari ya asubuhi iko juu kuliko ya jioni. Ongeza hapo protini za uvimbe na za kugandisha damu ambazo ini huzitoa kwa wingi, na presha inayopanda polepole. Ini na mishipa vinaugua kutokana na mzizi mmoja, kisha ini linachochea kuni.

Uhusiano huo ndio uliofanya mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vibadilishe jina la ugonjwa. Ukiona MASLD kwenye karatasi yako, ndiyo ileile iliyokuwa ikiandikwa NAFLD. Jina jipya linadai mtu awe na mafuta kwenye ini pamoja na angalau kimoja kati ya vipimo vitano vifuatavyo kikiwa kimevuka mpaka.

Vipimo vitano

Kiuno. Chukua futi ya fundi cherehani. Tafuta ubavu wa mwisho kwa kidole, kisha tafuta ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Futi ipite katikati ya hapo, juu ya ngozi, si juu ya shati. Toa pumzi kawaida, usivute tumbo ndani, soma. Zaidi ya sentimita 94 kwa mwanamume au 80 kwa mwanamke ni kuvuka mpaka. Usitumie saizi ya suruali: wengi huifunga chini ya kitambi, na suruali ya 34 inakaa vizuri kwenye mwili wa kiuno cha sentimita 105. Uzito nao huhesabiwa (BMI, yaani uzito ukilinganishwa na urefu, ya 25 kwenda juu), lakini wapo wembamba wenye kitambi kidogo na ini lililojaa, na mizani haiwaoni.

Presha. Mpaka hapa ni 130/85, chini ya ule wa 140/90 ambao kwa kawaida ndio husemwa kwamba mtu ana ugonjwa wa presha. Kaa dakika 5 kimya, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono mezani usawa wa moyo, kibofu kitupu, bila kahawa wala sigara kwa nusu saa. Pima mara mbili, ukiacha dakika moja katikati. Kosa kubwa ni mkanda mdogo kwenye mkono mnene: unaonyesha presha ya juu ambayo haipo. Kosa la pili ni kupimwa huku unasimulia safari yako ya daladala.

Sukari. Ya kufunga 5.6 mmol/L (100 mg/dL) au zaidi, au HbA1c (wastani wa sukari ya miezi kama mitatu) 5.7 asilimia au zaidi. Kufunga maana yake kukaa muda wa saa 8 bila chochote isipokuwa maji. Chai ya rangi yenye sukari si kufunga.

Trigliseridi 1.7 mmol/L (150 mg/dL) au zaidi. Kipimo hiki ndicho kinachoharibiwa zaidi na sherehe ya jana yake. Pombe na pilau la usiku vinaweza kukipandisha sana.

HDL 1.0 mmol/L (40 mg/dL) au chini kwa mwanamume, 1.3 (50 mg/dL) au chini kwa mwanamke.

Anayetumia dawa ya presha, kisukari au mafuta ya damu huhesabiwa amevuka mpaka hata kama namba sasa ni nzuri. LDL haimo kwenye vitano, ila iombe kwenye karatasi hiyohiyo, kwa sababu ndiyo daktari atakayoilenga kwa dawa.

Siku hiyo ya maabara pima pia virusi vya homa ya ini B na C. Kwetu Afrika Mashariki homa ya ini B si ngeni, na mafuta kwenye ini hayazuii mtu kuwa nayo pia. Na pombe ihesabiwe kwa ukweli: chupa ya bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20 za alkoholi. Mwanamke akifika chupa 7 kwa wiki, mwanamume 10 hadi 11, tayari pombe yenyewe inaingia kwenye sababu za ugonjwa.

Hesabu ya makovu

Hii unaweza kuifanya kwa simu yako. Inaitwa FIB-4 na inahitaji vitu vinne: umri, AST na ALT (vimeng'enya vya ini vinavyopimwa kwenye damu), na idadi ya chembe sahani za damu (kwenye karatasi ya picha kamili ya damu huandikwa PLT).

Zidisha umri kwa AST. Weka pembeni. Tafuta kipeuo cha pili cha ALT, kizidishe kwa PLT. Gawanya jibu la kwanza kwa la pili.

Mfano: miaka 52, AST 48, ALT 64, PLT 210. Umri mara AST ni 2,496. Kipeuo cha pili cha 64 ni 8; mara 210 ni 1,680. Jibu ni 1.49.

Chini ya 1.3, uwezekano wa makovu makubwa ni mdogo. Zaidi ya 2.67, mtu apelekwe kwa daktari wa ini. Katikati, kama mfano wetu, kinafuata kipimo cha ugumu wa ini (fibroskani), ambacho kwa kawaida hupatikana hospitali kubwa. Mwenye miaka 65 na zaidi atumie 2.0 badala ya 1.3, maana umri peke yake unasukuma jibu juu. Chini ya miaka 35 hesabu hii haiaminiki. Wala usiifanye siku una malaria: malaria hushusha chembe sahani, na jibu litapanda bila ini kuwa na kosa lolote.

Hatua hii ina maana kwa moyo pia. Kadiri makovu yanavyozidi, ndivyo hatari ya moyo inavyopanda, kwa hiyo mwenye 2.8 hapaswi kuambiwa aonane na daktari wa ini pekee.

ALT ya kawaida isikudanganye. Wengi wenye mafuta, hata wenye makovu, ALT yao iko sawa kabisa.

Ukiwa na miaka 40 hadi 74, mwombe daktari akukadirie hatari ya miaka kumi kwa jedwali la Shirika la Afya Duniani la mwaka 2019, lile la Afrika Mashariki. Lipo la wenye majibu ya maabara na lipo linalotumia uzito na urefu badala ya majibu hayo. Jedwali halikuhesabia mafuta ya ini, kwa hiyo ukiangukia mpakani kati ya rangi mbili (kila rangi ni ngazi ya hatari), ni busara kujihesabu kwenye ile ya juu.

Kilo ngapi, na zitoke wapi

Kupunguza asilimia 5 ya uzito hupunguza mafuta ya ini. Asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe, na kuanzia 10 hata makovu huweza kurudi nyuma. Mwenye kilo 84 basi ana vituo vitatu: kilo 4, kilo 6, kilo 8 na nusu. Mwendo mzuri ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Anayejinyima hadi kupukutisha kilo mbili kila wiki anaweza kulichokoza ini zaidi na kujitengenezea mawe ya nyongo.

Anza na sukari ya kunywa, kwa sababu nusu yake ni fruktosi, na sehemu kubwa ya fruktosi huenda kwenye ini, inakoweza kugeuzwa mafuta. Soda ya mililita 500 ina kama gramu 53 za sukari. Chai tatu za vijiko vitatu ni gramu 36, na hapo tunahesabu vijiko vya kusawazisha, si vile vya mlima. Lengo zuri ni kutovuka gramu 25 kwa siku. Juisi ya embe iliyotiwa sukari ni soda ya nyumbani. Kula embe lenyewe, moja. Kahawa chungu ya barazani kunywa, tena inaonekana kulifaa ini. Matatizo yako kwenye kashata na halua zinazoisindikiza.

Ugali huutupi. Uwe ukubwa wa ngumi yako, robo ya sahani. Robo nyingine maharage, samaki au dagaa. Nusu nzima mchicha, matembele, sukuma wiki au kachumbari. Dona lina nyuzinyuzi kuliko sembe, lakini mlima wa dona ni mlima bado. Angalizo moja zito: anayetumia insulini au glibenklamaidi asikate wanga kwa nusu kabla ya kuzungumza na daktari wake, maana sukari inaweza kuporomoka usiku.

Mafuta ya kupikia pima kwa siku lita inazodumu. Familia ya watu wanne ikimaliza lita moja kwa siku nne, kila mmoja anakula zaidi ya mililita 60 kwa siku, kalori 500 za mafuta matupu. Lita hiyo ifike wiki moja kwanza, kisha zaidi. Alizeti badala ya mafuta ya kuganda na samli. Chapati na chipsi ziwe za siku maalumu. Tui zito nalo ni mafuta ya aina ileile ya kuganda, ingawa kusema hivi Tanga au Mombasa ni kutafuta ugomvi; tumia tui jepesi, lile la pili. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai cha kusawazisha, pamoja na ile ya vidonge vya mchuzi.

Kutembea: dakika 30, siku 5 kwa wiki, kwa mwendo ambao unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Mafuta ya ini hupungua kwa mazoezi hata mizani isipocheza. Mara mbili kwa wiki ongeza kazi ya misuli: kaa na kuinuka kitini bila kushika, mara 10, raundi tatu.

Dawa, na makosa ya dawa

Kosa linalogharimu zaidi ni kuacha statini (dawa za kushusha kolesteroli) kwa kuwa "ini bovu halitaki dawa". Statini, kama atorvastatini, ni salama kwa mwenye mafuta kwenye ini, na ndiyo inayomkinga na mshtuko wa moyo. Daktari huisimamisha au kuichunguza upya ALT ikipanda zaidi ya mara tatu ya kiwango cha juu na kubaki huko. Wasiopewa bila mjadala ni wajawazito na wenye ini lililofeli, tumbo limejaa maji. Baada ya kuanza, rudia kipimo cha mafuta ya damu ndani ya wiki 4 hadi 12.

Metformini inasaidia kisukari, haiondoi mafuta ya ini yenyewe. Marekani iliidhinisha dawa ya ini iitwayo resmetirom Machi 2024 kwa watu wenye makovu ya kati hadi makubwa ambayo hayajafikia sirosisi (ini zima kujaa makovu). Si dawa ya kila mwenye gredi ya 1.

Unga wa kusafisha ini uache dukani. Ini halioshwi kama sufuria, na baadhi ya mitishamba huliumiza vibaya. Panga dawa zako zote mezani kwa daktari, za hospitali na za kienyeji, kwa sababu hata steroidi, methotreksati na tamoksifeni zinaweza kuongeza mafuta kwenye ini.

Usirudie ultrasaundi kila mwezi. Ni kutupa hela bure. Pima uzito kila wiki, siku na saa ileile, na rudia vipimo vya damu baada ya miezi mitatu. FIB-4 iliyo chini ya 1.3 irudiwe kila mwaka kwa mwenye kisukari au waliovuka mipaka miwili na zaidi, na kila baada ya miaka miwili au mitatu kwa wengine.

Maumivu ya kifua yanayobana na kwenda taya au mkono wa kushoto, jasho la baridi, kukosa pumzi ghafla, uso kupinda upande mmoja au ulimi kuwa mzito: hospitali saa hiyohiyo, usisubiri kupambazuke. Kisukari hufanya mshtuko wa moyo uje bila maumivu, kama uchovu wa ghafla na kichefuchefu tu. Kwa upande wa ini, macho ya manjano, tumbo kujaa maji, kutapika damu au choo cheusi kama lami navyo havisubiri miadi.