Jinsi ya kulisoma jina YEHOVA kwenye Biblia yako mwenyewe

Nafundisha vijana Kiebrania cha kuanzia, na kila darasa lazima atokee mmoja aulize Yehova limetoka wapi. Chukua Biblia ya Union Version (ile ya 1952), karatasi na kalamu twende.

Hatua ya 1. Fungua Zaburi 110:1, "Neno la BWANA kwa Bwana wangu". Umeona la kwanza limeandikwa kwa herufi kubwa zote, la pili hapana? Sio mbwembwe za mpiga chapa. Ukikuta BWANA namna hiyo ujue kwenye Kiebrania pana herufi nne za jina lenyewe, ile ya pili ni adoni tu (yaani bwana wangu), hata mtumwa angemwita hivyo tajiri yake.

Hatua ya 2. Ziandike, KUANZIA KULIA: יהוה. Yod ni kama koma imening'inia juu, he, vav kama fimbo imesimama, halafu he tena. Mi siku ya kwanza nilianzia kushoto ubaoni mbele ya watu, jina likatoka kinyumenyume, aibu yake acha tu.

Hatua ya 3. Hapa usiruke. Hizo nne ni konsonanti tupu, na Wayahudi walishaacha kulitamka kwa kuliheshimu, wakilifikia wanasoma Adonai (yaani Bwana). Sasa baadaye Wamasoreti, wale waliotia alama za irabu kwenye maandiko, wakapachika hapo irabu za Adonai ili msomaji akumbuke aseme Adonai. Jaribu mwenyewe: andika Y-H-V-H, chomeka e, o, a (ile a fupi ya mwanzo ikikaa na yod inageuka e). Umepata nini? YeHoVaH. Konsonanti za neno moja, irabu za lingine, na wasomi Wakristo wa Ulaya wakaja kuzisoma kwa pamoja. Wataalamu wengi sa hivi wanaona la zamani lilitamkwa Yahweh. Mi bado naimba Yehova na sioni shida, ila usije ukamgombeza mtu eti hilo ndo tamko la Musa.

Hatua ya 4. Kujua maana yake soma Kutoka 3:14, jina linafungwa na kitenzi "kuwa". Kifupi chake Yah unacho mdomoni kila siku: haleluya, yaani msifuni Yah.

Hatua ya 5. Ukiongea na Myahudi wa dini usilitamke, sema Hashem, manake "Jina".

Zoezi: kwa Ezekieli mbona imeandikwa "Bwana MUNGU", herufi kubwa zimehamia kwa Mungu? Kwa sababu pale Adonai tayari limeandikwa kabla ya zile nne, wangesoma Adonai Adonai, kwahiyo zile nne wanazisoma Elohim (yaani Mungu).