Hadithi moja, lugha mbili

Kwa walimu wenzangu wa Kiingereza darasa la tatu na la nne: ingia African Storybook, maktaba ya bure ya hadithi za watoto mtandaoni, utafute hadithi iliyopo kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Pakua PDF zote mbili jioni ukiwa na mtandao mzuri. Darasani someni ya Kiswahili kwanza, kesho yake ya Kiingereza. Picha ni zilezile, kwa hiyo mtoto anakuja akiwa tayari anakijua kisa, na nguvu zake zote zinakwenda kwenye maneno mapya. Kwangu hata wale wasionyoosha mkono kabisa walianza kubashiri maana kwa kutazama picha, na nilifurahi mno. Leseni ya hadithi hizi inaruhusu kutoa nakala, mradi majina ya mwandishi na mchoraji yabaki. Mbinu hii inakwama pale tafsiri inapokuwa dhaifu, maana watafsiri ni wengi. Pitia mwenyewe kurasa zote kwanza. Inakwama pia ukitegemea simu moja kwa watoto 60. Afadhali chapisha nakala chache, kila kikundi kishike yake.