Namna ya kuandaa matembezi ya kazini ya kuchangia tiba ya kifafa Pemba

Anzeni kwa kuchagua mchezo. Wengi hukimbilia baskeli au kuogelea, lakini mimi napendekeza matembezi ya kupokezana, kwa sababu mtu ambaye kifafa chake hakijadhibitiwa yumo hatarini akipanda baskeli kati ya magari au akiingia baharini, na si uungwana kumchangia kwa mchezo ambao yeye mwenyewe hawezi kushiriki. Njia ya Chake Chake hadi Wete, takriban kilomita 30 zenye vilima, inatosha makundi matano.

Kabla ya kuomba hata shilingi moja, kubalianeni kwa maandishi na jumuiya mnayoichangia fedha zitanunua nini. Dawa za kifafa humezwa kila siku, na kuzikatisha ghafla huweza kurudisha kifafa kwa nguvu. Kwa hiyo ni bora kuwahudumia wagonjwa wachache mwaka mzima kuliko kuwagaia wengi dawa za mwezi mmoja. Katika barua ya maombi elezeni kwamba, kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakipata tiba sahihi. Picha ya mgonjwa aliyeanguka msiitumie kamwe.

Siku ya Kimataifa ya Kifafa ni Jumatatu ya pili ya Februari, lakini miaka hii Ramadhani imesogea karibu na hapo, hivyo tazameni kalenda zote mbili, na mkiahirisha msiangukie masika. Masheha wa shehia mtakazopita na polisi wa usalama barabarani wapewe taarifa mapema.

Daftari la ahadi liwe na jina, kiwango kwa kilomita, jumla na saini. Aliyeahidi shilingi 500 ajue tangu mwanzo kuwa atadaiwa 15,000. Kusanyeni mara tu mshahara unapoingia, kwani kudai ahadi za watu mwezi ukiwa katikati ni kujitafutia ugomvi ofisini.

Wafundisheni watembeaji wote huduma ya kwanza. Mtu akianguka, ondoeni mawe na vitu vikali karibu naye, mwekeeni kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, mlazeni ubavu na mtazame saa. Msimbane viungo, wala msimtie kijiko au kidole mdomoni. Degedege likizidi dakika tano, apelekwe hospitali. Gari la kufuata msafara liwepo kwa ajili hiyo, si kwa kubebea maji tu.

Fedha zikishakabidhiwa, mweka hazina abandike hesabu pamoja na nakala ya stakabadhi kwenye ubao wa matangazo, na majina ya wasiotimiza ahadi yabaki ndani ya daftari.