Somo: Kuunda majitu ya kuzalishwa kwa kuchagua wazazi, na msomaji akaamini

Wanariwaya wengi wa fantasia ya giza huandika kwamba mfalme aliwaoza mashujaa kwa mashujaa, na baada ya miaka hamsini akawa na jeshi la watu wanaovunja mawe kwa ngumi. Msomaji aliyefuga hata mbuzi wawili hakubali. Tufuate hatua hizi.

Hatua ya 1: Anza na kalenda
Mwaka 1959, Dmitri Belyaev alianza kuzalisha mbweha huko Novosibirsk, Siberia, akichagua wapole tu. Ndani ya vizazi kumi wapo waliotikisa mkia kama mbwa. Lakini mbweha huzaa akiwa na mwaka mmoja. Kwa binadamu, vizazi kumi ni kama miaka 250, kwa hiyo aliyebuni mpango hatauona ukikamilika. Mpe warithi: ukoo wa makuhani, daftari la nasaba, kiapo. Friedrich Wilhelm wa Kwanza wa Prussia alikusanya askari warefu na akajaribu kuwaoza wanawake warefu. Alipokufa mwaka 1740, mwanawe alikivunja kikosi kile.

Hatua ya 2: Piga hesabu
Watoto hurudi kuelekea wastani. Tuseme nusu ya tofauti za nguvu kati ya watu ni ya kurithi. Wazazi wanaobeba kilo 40 zaidi ya wengine watazaa watoto wanaozidi, kwa wastani, kilo 20 tu. Jitu halitokei kwa ndoa moja.

Hatua ya 3: Toza gharama
Hapa msiwe na haraka, maana giza la hadithi limelala hapa. Ng'ombe aina ya Belgian Blue wana hitilafu kwenye jeni inayozuia misuli kukua kupita kiasi. Wamejaa minofu hadi ngozi inavutika, na ndama wengi huzaliwa kwa upasuaji kwa sababu hawapiti nyongani. Sasa hamishia hilo kwenye ngome isiyo na daktari. Mkunga anaingia chumbani na kisu, na anajua tangu mlangoni kwamba ameitwa kumwokoa mtoto, si mama.

Kisha kuna ndoa za ndugu. Mfalme Carlos wa Pili wa Hispania alizaliwa na wazazi waliokuwa mtu na mpwa wake: baba yake alikuwa mjomba wa mama yake. Taya lilimzidi, kutafuna kulimshinda, na alikufa mwaka 1700 akiwa na miaka 38, bila mtoto. Nasi tunaijua selimundu: jeni moja humkinga mtu na malaria kali, mbili humtesa maisha yote. Nguvu za jitu lako zifanye hivyohivyo.

Hatua ya 4: Waandike waliokataliwa
Kwa kila jitu mmoja, wako wapi ndugu zake kumi? Sura hiyo ndiyo ninayoikosa katika miswada mingi, na inanisikitisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, nikitaka itokee ndani ya vizazi vitatu?
Tumia jeni moja yenye nguvu. Eero Mäntyranta wa Ufini, bingwa wa Olimpiki wa kuteleza kwenye theluji mwaka 1960 na 1964, alirithi jeni iliyompa chembe nyekundu za damu nyingi kupita kawaida. Jeni ya namna hiyo humfikia takriban mtoto mmoja kati ya wawili. Ila itakupa pumzi tu, ngumi ya kuvunja mwamba itafute kwenye uchawi.

Mwalimu, mtawala wangu ni mwema. Inawezekana?
Nia yake inaweza kuwa njema. Lakini binti mmoja akisema hamtaki mume aliyepangiwa, mfalme atafanya nini? Andika tukio hilo kwanza, ndipo umwite mwema.

Naweza kuchagua nguvu na akili kwa pamoja?
Unaweza, ila hesabu inabana. Ukichukua mmoja kati ya kumi kwa nguvu, na mmoja kati ya kumi kwa akili, unabaki na mmoja kati ya mia. Kijiji cha watu 2,000 kitakupa 20, wazee na watoto wakiwemo. Wajukuu wao watakuwa binamu watupu. Itabidi makuhani wako wakateke watu wa kijiji jirani, na hapo umeshapata chanzo cha vita.