Soma herufi kabla ya sura: kuitambua sarafu ya fedha ya Kirumi

Ukiwa Kisumu au Nakuru, vifaa havikusumbui: mzani wa sonara unaosoma hadi gramu 0.01, lenzi ya kukuza mara 10, rula, uzi mwembamba na glasi ya maji.

Tazama kichwa kwanza. Dinari, sarafu ya kawaida ya fedha ya Kirumi, ina upana wa milimita 17 hadi 20 hivi, karibu na shilingi tano yetu ya zamani ya rangi mbili, na mara nyingi mfalme amevaa shada la majani. Taji la miale kama ya jua kwenye sarafu pana zaidi ni dalili ya antoniniani, sarafu nyingine ya fedha iliyoanzishwa na mfalme Caracalla mwaka 215 B.K. Kwenye antoniniani, malkia huwekewa mwezi mwandamo chini ya mabega.

Sasa maandishi. Kwa kawaida huanzia chini kushoto na kuzunguka kama mishale ya saa. V husomwa pia U. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa sababu jina ANTONINVS lilitumiwa na wafalme kadhaa. Angalia mpangilio: AVG PIVS ni Antoninus Pius, PIVS AVG ni Caracalla au Elagabalus. Ukiona BRIT mwishoni, ni Caracalla, mwaka 210 au baadaye. Namba inayofuata TR P huhesabu miaka ya madaraka: TR P XVI ya Antoninus Pius ni 152 hadi 153.

Uzito: dinari ya mfalme Augustus ni kama gramu 3.9, baada ya mfalme Nero kuipunguza mwaka 64, kama 3.4. Iliyochakaa hupungua zaidi.

Kupima madini, weka glasi ya maji juu ya mzani, urudishe sifuri, kisha ning'iniza sarafu kwa uzi izame bila kugusa glasi. Gawanya uzito wake mkavu kwa namba unayoiona: 3.30 kwa 0.33 ni 10.0. Fedha safi ni 10.5, shaba karibu 9. Viputo vya hewa vikiganda kwenye sarafu, jibu hushuka, kwa hiyo vipanguse. Shaba ikichungulia chini ya ganda la fedha, usiitupe: Warumi wenyewe walighushi hivyo. Mshono ukingoni ndio wa kutia shaka, maana unaonyesha kalibu ya kumiminia.

Usiisugue kwa limau, jivu wala waya wa sufuria. Herufi ulizohitaji ndizo zinazofutika. Ikiwa imechimbuliwa shambani, iache na udongo wake uipeleke Makumbusho ya Kisumu.